Shingo ikivunjika, haraka ya kumwinua majeruhi yaweza kumuua

MJI wa Webuye umeketi kwenye njia panda. Barabara kuu ya kutoka Eldoret hadi Malaba hukutana hapo na ile ya Kakamega hadi Kitale, na malori, matatu na bodaboda hugombea nafasi usiku na mchana. Ajali inapotokea, wa kwanza kufika huwa ni wapita njia. Kwa nia njema, humnyanyua majeruhi kwa mikono na miguu na kumpakia kwenye gari lolote lililopo. Iwapo shingo yake imevunjika, msaada huo waweza kumpoozesha au kumuua.

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Ya kwanza, iitwayo atlasi, ni pete inayobeba fuvu. Ya pili, aksisi, ina mfupa uliochomoza mithili ya jino, na atlasi huzunguka kwenye mhimili huo. Takriban nusu ya uwezo wetu wa kugeuza kichwa hutokana na pingili hizi mbili. Ndani yake hupita ugwe wa mgongo, unaopeleka amri za ubongo mwilini. Ugwe huo ukikatika hapo juu, majeruhi hushindwa kupumua papo hapo.

Ajabu ni kwamba wapo wanaovunjika pingili hizi na bado wakatembea. Nafasi ndani ya atlasi ni pana: thuluthi moja huchukuliwa na jino, nyingine na ugwe, na iliyosalia ni wazi. Majeruhi hulalamikia maumivu ya kisogo tu, akapewa dawa na kurudishwa nyumbani, ilhali mfupa uliolegea waweza kuuponda ugwe baadaye.

Pigo la wima utosini ndilo hupasua atlasi, kama alivyoeleza daktari mpasuaji Mwingereza, Geoffrey Jefferson, mwaka wa 1920. Humpata kijana anayejirusha kichwa mbele penye maji machache mtoni Nzoia, au anayeanguka kichwangomba kutoka mwembeni. Aksisi nayo huvunjika shingo inaporushwa mbele au nyuma kwa nguvu, kama ilivyo kwa abiria asiyefunga mkanda. Kwa mzee, kuteleza bafuni kwatosha.

Uchunguzi huanza kwa maswali. Kwa mujibu wa kanuni iliyochapishwa nchini Kanada mwaka wa 2001, majeruhi aliye na fahamu zake lakini ana umri wa miaka 65 au zaidi, aliyepata ajali ya kishindo, au anayehisi ganzi mikononi au miguuni, sharti apigwe picha. Eksirei hupigwa kutoka mbele, ubavuni, na nyingine mdomo ukiwa wazi ili jino lionekane. Hata hivyo, eksirei huweza kukosa ufa. Skani ya CT huuona vyema zaidi, nayo MRI huonyesha kano na ugwe. Pasipo mashine hizo, shingo hutuliwa na mgonjwa akapelekwa penye uwezo, kama vile Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.

Matibabu hutegemea uthabiti wa mvunjiko. Atlasi iliyopasuka bila kano kukatika huungana ndani ya kola ngumu, kwa kawaida wiki 8 hadi 12. Jino lililokatikia shinani ni gumu kuungana, hasa kwa wazee. Mgonjwa huweza kuvishwa pete ya chuma inayokazwa fuvuni kwa skrubu na kushikizwa kwenye fulana ngumu, au akafanyiwa upasuaji wa kuziunganisha pingili.

Lakini yote hayo hutanguliwa na yanayofanyika barabarani. Pasipo moto au hatari nyingine, usimsogeze majeruhi. Hakikisha anapumua, kisha mtu mmoja akishike kichwa chake kwa mikono miwili, kisigeuke. Usimvue kofia ya pikipiki ila pumzi ikiwa imezibwa. Piga 999 au 112. Ikibidi ahamishwe, watu wanne au zaidi wamgeuze kwa pamoja kama gogo, wamlaze juu ya ubao au mlango.

Akifika hospitalini, jamaa zake wakumbuke kwamba Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Na iwapo shingo yamuuma, waulize kabla ya kuondoka: je, imepigwa picha?