Mchekeshaji na Ndoo ya Maji

Emmett Kelly alikuwa mchekeshaji wa sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey ya Marekani. Aliigiza mzururaji asiye na bahati: nguo za viraka, viatu vikubwa kupita kiasi, uso uliopakwa rangi ukaonekana umenuna. Katika picha iliyopigwa Hartford, Connecticut, Alhamisi, 6 Julai 1944, amevaa mavazi hayohayo, ila mkononi ana ndoo ya maji na anakimbilia moto uliokuwa ukiteketeza hema la sarakasi hiyo. Hakuna maiti katika picha hiyo, wala haihitaji. Ndoo moja yatosha. Aliyeipiga, Ralph Emerson, alikuwa mtazamaji tu. Jarida la Life liliichapisha mwezi huohuo.

Hemani mlikuwa na watu wapatao 7,000, wengi wao akina mama na watoto, maana wanaume wengi walikuwa vitani. Turubai lilikuwa limepakwa nta iliyoyeyushwa kwa petroli ili lisivuje. Moto uliposhika upande mmoja, ulipanda hadi paani na nta ikaanza kuwadondokea watu vichwani. Bendi ikabadili wimbo ghafla, ishara ya siri ya kuwaonya wafanyakazi. Katika dakika kama 10 hivi hema lilikuwa limeporomoka. Watu wasiopungua 167 walikufa.

Moto haukuua peke yake. Baadhi ya njia za kutokea zilikuwa zimezibwa na vichochoro vya vyuma vya kupitishia wanyama wakali, na watu wakarundikana hapo. Maafisa kadhaa wa kampuni ya sarakasi walishtakiwa, na fidia ikafikia karibu dola milioni 5.

Vyuma vya kuziba njia ya kutokea, mzazi wa Kitale au Bungoma, nchini Kenya, mwenye mtoto bwenini anavijua. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 waliteketea. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, isipigwe kufuli wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Mzazi anayemtembelea mwanawe shuleni na aombe kuonyeshwa bweni, aanze na madirisha.