Macho mekundu yasiyosikia dawa

Wapo watu katika miji yetu ambao kila baada ya wiki mbili tatu huingia duka la dawa na shida ileile. Macho yanawaka, yanawasha, yanatoa machozi ovyo, asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo, na mtu akipepesa anahisi kama ametiwa mchanga. Muuzaji, aghalabu bila hata kuinuka kitini, hutoa kichupa cha matone. Jicho linatulia siku tatu nne, kisha mambo yanarudi palepale. Mgonjwa atalaumu vumbi, atalaumu feni, atalaumu kompyuta ya ofisini. Majirani watamlaumu kwa pombe, hata kama maisha yake hajaionja.

Msikilizaji, leo nazungumzia maradhi ambayo huenda ndiyo yanayomsumbua mtu huyo, nayo ni rosasea ya macho. Jina hilo halina Kiswahili chake, na hiyo ni sehemu ya tatizo, kwani mtu atamwulizaje daktari jambo ambalo hajapata kulisikia likitajwa?

Rosasea hasa ni ugonjwa wa ngozi ya uso. Hushika mashavu, pua, paji na kidevu. Mishipa midogo ya damu hutanuka, uso huwaka moto, na vipele hutokea ambavyo wengi huvidhania chunusi. Mara nyingi huanza mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 30 na 50. Vitabu vya udaktari viliuchukulia kwa muda mrefu kuwa ugonjwa wa Wazungu, watu kama rais wa zamani wa Marekani, Bill Clinton, ambaye wekundu wa pua na mashavu yake ulionekana kwenye televisheni za dunia nzima. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani waliugawa ugonjwa huu katika mafungu manne, la nne likiwa la macho.

Sasa, kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, au huonekana kwa shida. Daktari aliyefundishwa kutafuta uso mwekundu atamtazama mgonjwa na kumwambia hana kitu. Kwa watu wetu inafaa kuuliza mambo mengine: je, uso unachoma ukipigwa na jua au ukinywa chai ya moto? Je, vipele vinatoka bila vile vichwa vyeusi vya chunusi? Je, ngozi imekuwa kavu, imevimba kidogo, haivumilii sabuni? Isitoshe, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hutanguliwa na macho, na uso hufuata baadaye. Huyo anaweza kuzunguka hospitali kwa miaka bila mtu kufikiria ngozi.

Ili kuelewa kinachotokea, hapana budi tuitazame kope yenyewe. Ndani ya ukingo wa kope, nyuma tu ya nywele zake, kuna vitezi vidogo vilivyojipanga kama meno ya kitana, vipatavyo 30 au zaidi kope ya juu na vichache zaidi kope ya chini. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alivieleza mwaka 1666 na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Kazi yake ni kutoa mafuta. Kila unapopepesa, mafuta hayo hutandazwa juu ya machozi ili yasikauke haraka. Kwa mwenye rosasea mafuta huwa mazito kama samli iliyoganda. Vitundu vinaziba, kope inavimba, machozi yanakauka, jicho linachomeka. Ndipo huja kitu kinachowashangaza wengi, kwamba jicho kavu hutoa machozi mengi. Jicho linaloumia hujimwagia maji, ila ni maji yasiyo na mafuta, hayakai.

Vitezi vilivyoziba huleta pia chokea za mara kwa mara na vivimbe vigumu vya kope. Mtoto anayetoka chokea leo, mwezi ujao nyingine, naye atazamwe, kwani watoto nao hupata maradhi haya.

Nitofautishe jambo moja. Rosasea si vikope, yaani trakoma, maradhi ya kuambukiza ambayo watu wa Kongwa, Dodoma, wanayafahamu vizuri. Rosasea haiambukizi. Mwenye nayo hana haja ya kutengwa taulo wala mto.

Lakini isichukuliwe kuwa ni usumbufu tu. Ikiachwa, uvimbe hupanda hadi konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Mishipa ya damu huota mahali isipotakiwa, vidonda huingia, na kovu likibaki katikati ya konea mtu huona kama yuko nyuma ya dirisha lenye ukungu. Mwanga ukianza kukuumiza, jicho moja likiuma sana, au uoni ukififia, usingoje. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Naja kwenye kile kichupa cha dukani. Baadhi ya matone yanayouzwa kirahisi yana steroidi, kama vile deksamethasoni, mara nyingi ikiwa imechanganywa na antibayotiki. Steroidi hutuliza uvimbe kwa haraka la mno, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu anaona ameipata dawa yake, anaitia miezi na miaka. Takriban mtu mmoja kati ya watatu, akitumia matone hayo kwa wiki kadhaa, presha ya jicho lake hupanda. Presha hiyo haiumi. Huua mshipa wa kuonea kimyakimya kuanzia pembeni, na kilichokufa hakirudi. Steroidi hiyohiyo huleta mtoto wa jicho. Mtu aliyeingia dukani na macho ya kuwasha anaweza kutoka, baada ya miaka michache, akiwa kipofu kwa sababu ya dawa na si ugonjwa. Daktari wa macho naye huitumia steroidi, sikatai, lakini kwa siku chache, huku akipima presha.

Na hapa siwezi kuukwepa mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi huwa na steroidi kali, ingawa vipodozi vya namna hiyo vimepigwa marufuku nchini. Steroidi hizo zikipakwa usoni kwa muda zinaweza kuleta rosasea kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Akiiacha krimu, uso unawaka na vipele vinafumuka. Anaogopa, anairudia, uso unatulia, na anazidi kuamini kuwa krimu ndiyo inayomponya. Ikipakwa karibu na macho nayo yaweza kupandisha presha ya jicho. Akina dada, na siku hizi akina kaka pia, wanaotaka kuiacha baada ya miaka mingi wamwone daktari wa ngozi awasaidie kuvuka wiki zile za mwanzo, ambazo ni ngumu.

Basi tiba ni ipi? Sina budi kusema wazi kwamba rosasea haina tiba ya kuimaliza kabisa. Inatulizwa, na inatulia vizuri sana kwa mwenye subira. Msingi wake ni kazi ya mikono yako mwenyewe, asubuhi na jioni. Nawa mikono. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji moto ambayo ngozi inayavumilia bila kuungua, kikamue, kisha kiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, ukikirudisha majini kila kinapopoa. Kiweke machoni tu, usijifunike uso mzima, maana ngozi ya rosasea haipendi joto. Mafuta yakishayeyuka, pitisha kidole taratibu kuelekea kwenye nywele za kope: kope ya juu unashusha, ya chini unapandisha. Mwisho safisha ukingo wa kope kwa pamba iliyochovywa kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye tone la shampuu ya watoto. Wengi huacha siku ya nne kwa kuwa hawajaona nafuu. Nafuu huja baada ya wiki, na ukishaipata unaendelea mara moja kwa siku, kama unavyopiga mswaki.

Machozi ya bandia husaidia, hasa yasiyo na kihifadhi ndani yake kwa anayetia mara nyingi. Matone ya kuondoa wekundu si machozi ya bandia. Huyafanya macho meupe kwa saa chache, kisha wekundu hurudi na zaidi. Wanja kwenye ukingo wa ndani wa kope huziba vitundu vilevile tunavyohangaika kuvifungua. Maziwa ya mama, asali na maji ya chai yabaki jikoni na kwa mtoto.

Yakishindikana hayo, daktari huongeza vidonge. Vinavyotumika zaidi ni doksisaiklini, ile ambayo wasafiri humeza kujikinga na malaria. Hapa kazi yake kubwa ni kupoza uvimbe, si kuua vijidudu. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha kipimo cha miligramu 40 tu kwa siku kwa rosasea ya uso, kiasi kisichotosha kuua bakteria. Madaktari wengine huanza na kipimo kikubwa zaidi kisha wakapunguza, kwa wiki au miezi. Mjamzito asiimeze, wala mtoto wa chini ya miaka minane asipewe. Imezwe kwa maji mengi, mtu akae wima baada yake, na ajikinge na jua. Usiitafute mwenyewe dukani.

Kuna pia wadudu wadogo wa jamii ya utitiri, urefu wao theluthi ya milimita, wanaoishi kwenye mashina ya kope za watu wengi wazima bila kuwadhuru. Kwenye rosasea huzidi, na huacha magamba kama kola shingoni mwa kila unywele. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha matone ya lotilana dhidi yao. Bei yake, hata hivyo, si ya mfuko wa mtu wa kawaida.

Jua, moshi wa mkaa, upepo wa bodaboda, pilipili na pombe huamsha ugonjwa, lakini si kwa kila mtu sawasawa. Andika kwenye daftari ulikula nini na ulikuwa wapi siku macho yalipochafuka, kabla hujajinyima pilipili ya bure.

Pale KCMC, Moshi, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na hospitali hiyohiyo ina madaktari wa macho. Kwingineko mgonjwa hulazimika kuwaunganisha mwenyewe wataalamu wa fani hizo mbili. Ukienda kwa daktari wa macho, mwambie na habari za uso wako, na ukienda kwa wa ngozi, mweleze macho. Na ubebe mfukoni kila kichupa na kila kopo la krimu ulilotumia mwaka huo, hata lile unaloona haya kulionyesha.