Uzito wa Ukurasa na Subira ya Msomaji

Mwaka 1989 mwanasayansi Mwingereza, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na mji wa Geneva, alipendekeza njia ya kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali. Tovuti ya kwanza iliyotokana na wazo hilo ilikuwa na maandishi na viungo tu. Picha haikuwapo hata moja. Tangu hapo kurasa zimenenepa sana, na gharama ya unene huo humwangukia msomaji, hasa yule anunuaye kifurushi cha intaneti kidogo kidogo kwa ajili ya simu yake.

Hebu tutazame tovuti ya shule ya sekondari ambayo wanafunzi wameitengeneza ili wazazi wapate kujua tarehe ya kufungua shule na kiasi cha ada. Juu ya ukurasa wamebandika picha ya jengo la shule kama ilivyotoka kwenye kamera. Picha hiyo ina nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, yaani nukta milioni 12, na tuseme uzito wake ni megabaiti 4. Kwa kuwa baiti moja ina biti 8, hizo ni megabiti 32. Mahali ambapo mtandao hupitisha megabiti moja kwa sekunde, picha hii peke yake itachukua sekunde 32 kufika. Mwaka 1993 mtaalamu Jakob Nielsen aliandika kwamba mtu akingojeshwa zaidi ya sekunde 10 hivi, mawazo yake huhamia kwingine. Basi mzazi huyo amekwisha kuondoka, na tarehe hakuiona.

Sasa kioo cha simu yake, tuseme, kina upana wa nukta 720 tu. Picha ikipunguzwa hadi nukta 720 kwa 540, idadi ya nukta inakuwa 388,800, yaani kama sehemu moja ya 31 ya zile za mwanzo. Uzito nao hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho, na sekunde 32 zageuka kuwa moja hivi. Wala macho ya mzazi hayatatambua tofauti yoyote. Lililo bora zaidi ni kutanguliza tarehe na ada juu kabisa, na jengo lije baadaye; wazazi wanalijua jengo hilo.

Jambo la pili ni rangi. Muungano wa kimataifa unaoweka kanuni za mtandao, W3C, unashauri kwamba mwangaza wa maandishi ya kawaida na ule wa mandhari yake vitofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Weusi juu ya weupe hutoa 21 kwa 1. Manjano iliyokolea juu ya weupe, ambayo vijana huipenda kwa uchangamfu wake, haifiki hata 1.1 kwa 1, na juani haisomeki kabisa.

Wako pia wasomaji wasioona, ambao husomewa ukurasa kwa sauti na programu maalumu. Mara nyingi wao huomba wasomewe viungo peke yake. Viungo vyote vikiandikwa “bofya hapa”, watasikia maneno hayo mara kumi bila kujua waendako. Afadhali kuandika “Ada za kidato cha kwanza”. Aidha, mtengenezaji hana budi kutaja lugha ya ukurasa ndani ya msimbo wake, na alama ya Kiswahili ni “sw”. Akiisahau, programu yaweza kuyatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asiambulie kitu.

Kazi ikiisha, mpeni simu mtu ambaye hajapata kuiona tovuti hiyo, mwombeni atafute tarehe ya kufungua shule, kisha nyamazeni na kuhesabu sekunde. Kila mahali kidole chake kinaposita pana jambo la kurekebisha.