UZI: Petroli ama stima? Hesabu ya gari ambayo mikutano ya kisiasa haikupigii

1/ Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA ikitangaza bei mpya ya mafuta, mjadala ni ule ule. Upande mmoja: "Serikali imetumaliza." Upande mwingine: "Nunueni gari la umeme muache kulia." Mimi naishi Kikima, huku juu milima ya Mbooni, na nina gari dogo la petroli. Leo tuchambue hoja moja moja. Uzi ni mrefu, chukua chai.

2/ Sitataja mwanasiasa wala chama. Hizi hoja zinatumiwa na pande zote, inategemea nani yuko serikalini na nani yuko nje. Ninachotaka ni kwamba mtu akikuambia "hamia umeme" ama "umeme ni upuzi", uwe na hesabu yako mkononi.

3/ Na hesabu ni muhimu kwa sababu huku kwetu gari si maringo. Ndilo linapeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane, ndilo linabeba mboga sokoni. Wengi wamelinunua kwa mkopo wa sacco. Ukikosea, unalipa kosa hilo miaka minne, na wadhamini wako wanalipa pamoja nawe.

4/ HOJA YA KWANZA: "Bei ya mafuta ni ya dunia, hakuna anayeweza kufanya kitu."
Ukweli nusu. Hatuchimbi mafuta yetu ya kutumia, tunanunua nje kwa dola. Tangu 2023 tunayachukua kutoka Ghuba kwa mkopo wa siku 180. Bei ya dunia ikipanda ama shilingi ikianguka, sisi tunaumia. Oktoba 2023 lita ya petroli ilifika shilingi 217.36 Nairobi.

5/ Lakini ile nusu nyingine inaamuliwa hapa nyumbani. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Julai 2024 tozo ya kutengeneza barabara ilitoka shilingi 18 kwa lita ikawa 25. Ukijumlisha kodi na tozo zote, ni zaidi ya thuluthi ya kile unacholipa pampuni. Hiyo si bei ya dunia. Hiyo ilipigiwa kura ama kutiwa sahihi na watu tuliowachagua.

6/ HOJA YA PILI: "Mwenye gari ni tajiri, anaweza kuongezewa."
Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue 5,000 wala kuzidi 100,000, ilipwe pamoja na bima. Ikaondolewa Juni 2024, kabla mswada wenyewe kutupwa baada ya maandamano.

7/ Tatizo la hoja hiyo: inahesabu thamani ya gari na kusahau kazi ya gari. Probox ya kubeba watu kutoka Kikima hadi Machakos na gari la starehe linalotoka Jumapili pekee, zikiwa na thamani moja, zinalipa sawa. Lakini wazo lenyewe halijafa. Nitarudi hapo kwenye namba 18, kwa sababu magari ya umeme yatalirudisha.

8/ HOJA YA TATU: "Gari la umeme halina gharama."
Haya, tuingie garaji. Gari la umeme halina oili ya injini ya kubadilisha, halina plagi, halina klachi. Breki pedi zinakaa sana, hasa kwenye miteremko yetu, kwa sababu ukiachilia eksileta mota inageuka jenereta, inapunguza mwendo na kurudisha chaji kwenye betri.

9/ Na huku kwetu hiyo si jambo dogo. Kupandisha gari la tani moja na nusu mita 100 kwenda juu kunakula karibu nusu uniti ya stima. Ukishuka, sehemu nzuri ya hiyo inarudi. Gari la petroli likishuka kutoka Kikima halikurudishii hata tone, linachoma pedi tu.

10/ Pia unaepuka mafuta machafu. Mnakumbuka 2018 serikali iliwekea mafuta taa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ikisema wafanyabiashara wanayachanganya na dizeli na petroli. Mafuta mabaya yakiingia, ni pampu na nozo, na fundi hakurudishii pesa.

11/ LAKINI. Kinachoua magari huku zaidi ni barabara. Mimi kwa mwaka mmoja nimebadilisha bushi, boljointi na shokamzoba mbili, na injini haikuwa na shida yoyote. Mashimo na mawe hayaulizi unatumia nini. Gari la umeme lina bushi zile zile, tena ni zito zaidi kwa sababu ya betri. Tairi na miguu ya gari utaendelea kununua.

12/ Na kuna fundi. Fundi wetu wa kijijini anaweza kukutengenezea miguu ya gari la umeme vizuri kabisa. Akifika kwenye betri, hapo asimame. Ndani mna umeme wa zaidi ya volti 300, na huo hauchezewi na spana na tochi. Kabla ya kununua uliza: fundi aliyefunzwa yuko wapi, na kuvuta gari mpaka kwake ni pesa ngapi?

13/ HOJA YA NNE: "Stima ni rahisi kuliko petroli."
Kwa kilomita, ndiyo. Lakini wengi hawajui jinsi tokeni zinavyohesabiwa. Nyumba inawekwa kwenye daraja kulingana na wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Kwa bei za msingi zilizoanza Aprili 2023: chini ya uniti 30 ilikuwa shilingi 12.22, kutoka 30 hadi 100 ilikuwa 16.30, zaidi ya 100 ilikuwa 20.97. Ongeza tozo na VAT juu.

14/ Sasa chukua nyumba inayotumia uniti 60. Leta gari la umeme linalotembea kilomita 400 kwa mwezi, hilo litakula karibu uniti 75. Umefika 135, umepandishwa daraja. Si uniti za gari pekee zinazopanda. Zile 60 za taa, friji na TV nazo zinapanda: kwa bei hizo za 2023 ilikuwa shilingi 4.67 kila moja, karibu 280 kwa mwezi kabla ya kodi. Muuzaji wa gari hakuambii hiyo.

15/ Kuna bei maalum ya kuchaji magari, iliyoanza pia 2023: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi ni machache. Nzuri sana. Lakini ilipangiwa wanaotumia kati ya uniti 200 na 15,000 kwa mwezi. Yaani kampuni ya mabasi, kituo cha kuchaji, mtu wa teksi nyingi. Wewe wa uniti 75 nyumbani Kikima, hiyo si yako. Mwanasiasa akisema "stima ya gari ni shilingi 8", muulize: ya nani?

16/ Na stima lazima iwepo. Mwaka 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani mara tatu: Agosti, Novemba na Desemba. Huku milimani hatuhitaji hata gridi ya taifa ianguke, mvua ikinyesha na mti mmoja ulale kwenye waya, basi. Ukiwa na petroli nusu tanki, usiku huo bado unaweza kutoka. Ukiwa na umeme, jifunze kutolala na chaji ya chini. Ni tabia tu, lakini ni lazima.

17/ Kuwa mkweli kwa upande wa pili pia: stima yetu ni safi. Karibu asilimia 90 inatoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Mtu anayekuambia gari la umeme Kenya "linachoma makaa ya mawe kwa siri" amenakili mjadala wa nchi nyingine.

18/ HOJA YA TANO, na hii haizungumzwi: NANI ATALIPA BARABARA?
Dereva wa petroli wa kilomita 2,500 kwa mwezi anachoma lita kama 192. Kwa shilingi 25 kila lita, anachangia barabara 4,800 kila mwezi. Dereva wa umeme wa kilomita hizo hizo anachangia sufuri kupitia tozo hiyo. Wote wawili wanakanyaga shimo moja.

19/ Tena pesa hizo zimeshaingiwa. Mwaka 2025 shilingi 7 kati ya zile 25 zilitumiwa kama dhamana ya kukopa pesa za kulipa wakandarasi waliokuwa wanadai. Halafu Bunge na magavana wakavutana kuhusu shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo, ziende kaunti ama zisiende. Wewe unalipa pampuni, wao wanabishana nani atengeneze barabara ya kwenu.

20/ Kwa hivyo magari ya umeme yakiongezeka, pengo litatokea, na serikali yoyote, ya chama chochote, itatafuta pesa mahali. Itakuwa kodi ya kila mwaka kama ile ya 2024, ama malipo kwa kilomita, ama tozo kwa stima ya kuchaji. Nafuu ya leo si ahadi ya kesho. Magari ya umeme yanatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10 tangu 2019, ilhali ya petroli yanaanzia 20. Kilichoandikwa kwa sheria ya fedha kinaweza kufutwa na sheria ya fedha.

21/ Majirani wameamua kwa njia zao. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya kibinafsi ya petroli na dizeli, lakini wao wana stima nyingi ya maji na ya bei ya chini. Rwanda kuanzia Januari 2025 inasajili pikipiki za umeme pekee kwa biashara ya abiria Kigali. Angalia: walianza na chombo kinachotembea kutwa nzima, mjini, karibu na chaji. Hiyo ni akili.

22/ HESABU SASA. Nachukua petroli 180 kwa lita, gari linaenda kilomita 13 kwa lita, stima shilingi 30 kwa uniti pamoja na tozo, gari la umeme linakula uniti 17 kwa kilomita 100 na asilimia 10 inapotea ukichaji. Badilisha namba uweke zako.

Kilomita 400 kwa mwezi:
Petroli ≈ 5,500. Stima ≈ 2,250. Unaokoa ≈ 3,250.

Kilomita 2,500 kwa mwezi:
Petroli ≈ 34,600. Stima ≈ 14,000. Unaokoa ≈ 20,600.

23/ Tuseme gari la umeme limekuzidi bei kwa 600,000. Mtu wa kilomita 2,500 anarudisha pesa zake kwa miezi 29 hivi. Mtu wa kilomita 400 anarudisha kwa miaka 15. Miaka kumi na tano! Betri haitakungoja. Ndiyo maana "umeme ni nafuu" ni kweli na ni uongo kwa wakati mmoja. Uliza kwanza kilomita.

24/ Betri sasa. Sheria yetu inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8. Dhamana ya kiwanda kwa betri nayo mara nyingi ni miaka 8, na ni ya nchi lilikouzwa. Kwa hivyo linafika Mombasa dhamana ikiwa inaisha. Nissan Leaf za kwanza zilikuja na betri ya uniti 24. Ikibaki asilimia 70 una uniti 17, yaani kama kilomita 100 za tambarare. Ukipanda Mbooni na abiria wanne, toa. Dashibodi yake ina vijiti 12 vya afya ya betri. Hesabu vijiti kabla ya kuhesabu pesa.

25/ Na joto. Leaf hizo za kwanza hazina mfumo wa maji wa kupoza betri. Kikima tuna baridi, afadhali. Ukiwa wa Makindu ama Kibwezi, betri hiyo inachoka haraka zaidi.

26/ UAMUZI WANGU: naendesha kama kilomita 400 kwa mwezi. Nabaki na petroli, pesa naweka kwa miguu ya gari. Ndugu yangu anabeba abiria kila siku, karibu kilomita 100. Nimemwambia umeme kwake una maana, mradi betri iwe kubwa, uniti 40 kwenda juu, na apate mahali pa kuchaji mchana. Bila hayo mawili, asiguse sacco. Vijana wa boda nao wanakimbia kutwa, hesabu iko upande wao, lakini swali lao ni moja: kituo cha kubadilisha betri kiko umbali gani kutoka stejini?

27/ Mgombea akija Kikima na hotuba ya mafuta ama ya magari ya umeme, usimpigie makofi bado. Muulize:
– Utapunguza tozo ipi kwenye lita, na pengo utaliziba na nini?
– Bei maalum ya kuchaji itamfikia lini mtu wa nyumba moja?
– Umeme ukishika kasi, barabara ya kwetu italipwa na nani?
– Kijana wa garaji hapa atafunzwa wapi kushika betri?

28/ Akijibu kwa shilingi na mwaka, msikilize, hata kama si wa upande wako. Akijibu kwa matusi ya mpinzani wake, umeshajua. Weka kilomita zako za mwezi hapa chini na bei uliyoambiwa ya gari. Nitakupigia hesabu. Mwisho wa uzi. Sambaza kwa yule anayetaka kuchukua mkopo wiki hii.