Maji yakichemka, ni nini kinachoachana?

Mdogo wangu, aliye mwaka wa tano wa sekondari, aliandika katika jaribio la kemia kwamba maji yakichemka, haidrojeni inaachana na oksijeni. Alikosa alama, na hakuelewa kwa nini. Kama ingekuwa hivyo, mama anayechemsha maji ya bukari juu ya mbabula angekuwa anatoa gesi mbili ambazo, zikichanganyika na kuguswa na moto, hulipuka. Mvuke ni maji yaleyale, H₂O: molekuli zimeachana, lakini hakuna hata moja iliyovunjika.

Kosa hilo, kwa sehemu, ni la lugha. Somo linatolewa kwa Kifaransa, na Kifaransa kinasema « liaison covalente » kwa kile kinachoshika atomu ndani ya molekuli, kisha « liaison hydrogène » kwa kile kinachovuta molekuli moja kuelekea jirani yake. Neno moja, mambo mawili. Tena nguvu zake hazikaribiani: kukata kiungo kimoja cha O na H kunadai kilojuli 460 hivi kwa mole, kutenganisha molekuli mbili za maji zinazovutana, 20 hivi.

Mvuto huo unatoka wapi? Oksijeni ina uchoyo. Inavuta elektroni upande wake, inabeba chaji hasi kidogo, na haidrojeni inabaki na chaji chanya kidogo. Basi haidrojeni ya molekuli hii inaelekea oksijeni ya ile. Salfa haina uchoyo wa namna hiyo. Ndiyo maana H₂S, gesi inayonuka kama yai bovu, inachemka kwenye −60 °C, ingawa molekuli yake ina uzito karibu mara mbili ya ile ya maji.

Mfano ninaoupenda zaidi uko ndani ya lutuku. Kilevi chake, etanoli, ni C₂H₆O, na kinachemka kwenye 78 °C. Etha ya dimetili ina atomu zilezile, kwa hesabu ileile, lakini inachemka kwenye −24 °C. Katika etanoli, haidrojeni moja imeshikana na oksijeni. Katika etha, oksijeni imekaa kati ya kaboni mbili na haidrojeni zote ziko kwa kaboni. Mvuto ule wa nguvu hauna pa kuanzia. Inabaki mivuto iliyo dhaifu zaidi, ile inayoitwa kwa jina la Mholanzi van der Waals, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1910.

Kwa Kiswahili hatulazimiki kurithi mkanganyiko huu. Tuseme « kifungo » kwa ndani ya molekuli, « mvuto » kwa kati ya molekuli. Najua kifungo ni cha shati na cha gereza pia, na fizikia ina mvutano wake wa dunia. Mwanafunzi hatapotelea hapo. Lakini anayetafsiri « liaison hydrogène » kuwa kifungo cha haidrojeni anahamisha kosa pamoja na neno. Nilimwandikia mdogo wangu « mvuto wa haidrojeni », naye akasahihisha jibu lake mwenyewe: kinachokatika ni mvuto, vifungo vinabaki.