Siku ya Mapumziko ni Sehemu ya Mazoezi

Katika kambi nyingi za mafunzo, jambo ambalo kuruta huliogopa kuliko urefu wa safari na uzito wa shanta ni kuitwa mvivu. Kwa hofu hiyo, kijana aumwaye mguu hujikaza kisabuni, akafunga kamba za mabuti yake na kusimama mstarini pamoja na wenzake. Baada ya majuma machache maumivu yaleyale humwangusha, naye hulazimika kukaa bila kazi kwa miezi, kwa sababu ya siku mbili za mapumziko alizoona haya kuziomba.

Ufa katika mfupa

Maradhi hayo si mageni katika majeshi. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika habari za askari ambao miguu yao ilivimba na kuuma baada ya safari ndefu. Hawakuwa wameanguka wala kupigwa, na chanzo hakikuonekana. Eksirei zilivumbuliwa mwaka 1895, na miaka miwili baadaye zikafichua siri hiyo: mifupa myembamba ya nyayo ilikuwa imepasuka. Vijana wenye afya njema walikuwa wamevunjika mifupa kwa kutembea tu.

Sababu yake ni kwamba mfupa ni kitu hai. Unapopewa kazi usiyoizoea, mwili kwanza huondoa sehemu zilizochakaa, kisha hujenga nyingine zilizo imara mahali pake. Kuondoa huchukua majuma machache, lakini kujenga huchukua miezi. Kwa hiyo katika majuma ya mwanzo ya mafunzo, mfupa wa kuruta waweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku alipoingia kambini. Akipiga kwata na kukimbia kila siku bila kupumzika, nyufa ndogo huongezeka kuliko mwili unavyoweza kuziziba.

Misuli nayo ina kanuni kama hiyo. Mazoezi mazito huichana kidogo kidogo na kumaliza akiba yake ya nguvu. Ndiyo maana mtu huumwa zaidi siku ya pili kuliko siku ile aliyofanya kazi. Akiba hiyo hurudi kwa muda wa siku moja hivi iwapo chakula kinatosha, na misuli hujengeka upya mtu anapopumzika na kulala. Anayekimbia kwa nguvu zake zote kila siku hubomoa nyumba ambayo fundi hajamaliza kuijenga.

Jeshi la Israeli lilisumbuliwa na mivunjiko hiyo kwa miaka mingi. Lilipopunguza jumla ya safari za miguu na kuhakikisha kwamba kuruta wanalala muda usiopungua saa 6 kila usiku, idadi ya walioumia ilishuka sana. Na mjini Iten, katika nyanda za juu za Kenya, walikotokea mabingwa wengi wa mbio, wanariadha walio wengi hawafanyi mazoezi siku ya Jumapili. Hakuna awaitaye wavivu.

Namna ya kupumzika

Yafaa mazoezi mazito ya siku moja yafuatwe na mepesi siku ya pili, na walau siku moja katika juma iachwe bila mazoezi yoyote magumu. Kupumzika si lazima kulala kitandani kutwa. Kutembea polepole, kunyoosha viungo na kufua sare ni mambo yasiyodhuru. Aliyetoka likizo au ugonjwani aanze kwa umbali mfupi, akiongeza kidogo kidogo.

Dalili za hatari zifahamike. Maumivu ya mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, juu ya wayo au kwenye muundi, yasipuuzwe. Mapigo ya moyo yakiwa ya haraka kuliko kawaida asubuhi kabla ya kuamka, usingizi ukipotea na hamu ya chakula ikipungua, mwili unaomba nafasi. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi baada ya kazi ngumu, mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.

Wajibu wa nyumbani

Mapumziko ya askari hutegemea pia watu wa nyumbani kwake. Siku ya mapumziko itumiwayo kulima shamba kutoka alfajiri hadi magharibi ni siku nyingine ya kazi. Aliyetoka lindo la usiku apewe chumba chenye utulivu, na watoto wacheze mbali kidogo. Posho na maharage, dagaa, mayai, maziwa na mboga za majani humjenga, mradi apate shibe na maji ya kutosha.

Naye mama wa nyumbani asisahauliwe. Ndoo za maji, kuni na jembe huuchosha mwili wake sawasawa na shanta ya mumewe. Baba aliyepumzika vizuri hapungukiwi na heshima akimchotea maji mkewe siku moja ili naye apumzike.

Mkufunzi mwema humwuliza kuruta habari za miguu yake kabla hajamwona akichechemea, na kuruta mwenye busara husema kweli mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa mfupa hujengwa kwa miezi, si kwa siku.