Neno la Maumivu Lililozua Zomeazomea London

Mwingereza aliyejikata kidole kwa kisu hatasema kidole kina ache. Neno hilo, linalotamkwa "eik", amelitengea maumivu ya chini kwa chini, yasiyochoma wala kukata, yanayokaa. Ndiyo maana limegandana na kichwa, jino, mgongo na tumbo. Na moyo pia, kwani aliyeachwa na ampendaye hulitumia hilohilo. Hata hospitalini lina mahali pake. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, alichapisha dodoso la maneno 78 ya maumivu katika makundi 20, mgonjwa achague linalomfaa. Aching limo humo, pamoja na wenzake wa maumivu mazito yasiyo makali.

Kituko kipo kwenye tahajia. Hiyo ch imefuata nini katika neno linalotamkwa kwa k?

Zamani yalikuwa maneno mawili. Kitenzi kiliandikwa ake, kwa k. Nomino ilikuwa ache, kwa ch, na ikasikika kama jina la herufi H. Shakespeare aliufanyia mzaha ufanano huo katika Much Ado About Nothing: Beatrice anaugua, anaulizwa analilia nini, anajibu kwa kutaja herufi H. Baadaye matamshi ya kitenzi yakaimeza nomino. Ndipo Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, akadai asili ni neno la Kigiriki, akhos, hivyo ch ndiyo sahihi. Haikuwa kweli, neno ni la Kiingereza cha kale. Lakini nani angembishia Johnson? Watoto wetu wanakatwa alama za imla hadi leo.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mwigizaji John Philip Kemble aliigiza Prospero wa The Tempest ya Shakespeare, yule ambaye wasomaji wa Tufani, tafsiri ya Samuel Mushi, wanamjua. Prospero anamtisha mtumwa wake Caliban kwamba atamjaza maumivu, aches, mifupani. Neno likitamkwa kisasa, mshororo unapelea mizani moja. Ukisema "eichez", unatimia. Kemble akasema "eichez". Mtu yeyote aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili angemuunga mkono, lakini watazamaji wa London walimzomea, naye akashikilia lake. Inasimuliwa kwamba alipougua, nafasi yake ilishikwa na George Frederick Cooke, na ukumbi mzima ukatega masikio kusikia yeye atatamkaje.

Cooke aliuruka mshororo wote.